Kijiko cha Mwisho cha Rangi Nyeusi

Mama Feza,

Kitambaa kimekubali. Nakuambia hilo kwanza maana nakujua, salamu ndefu ungeniambia nizipeleke kanisani. Nyeusi yako imeshuka mpaka nyeupe bila kukatika hata mahali pamoja, na nimetumia kijiko cha mwisho kilichokuwa kimebaki ndani ya kopo la maziwa. Nimekianika ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, kwa sababu nje siwezi kukianika kwa sasa. Ni habari mbaya, na nitaifikia. Nikianza nayo nitaacha kuandika.

Hapa Kashuga mambo yamebadilika. Kambi yenu ya wakimbizi imebomolewa. Watu waliambiwa warudi kwao, na wengi hawana kwao pa kurudi, basi wametawanyika vilimani na kwenye vibanda vya jamaa. Pale bashi yako, lile turubai ulilolala chini yake, ilipokuwa imefungwa, chini ya mkaratusi, mtu amepanda viazi. Udongo bado una doa la zambarau mahali ulipokuwa ukimwaga maji ya mwisho, na viazi vimeota juu yake kama kawaida. Nilisimama nikacheka, kisha nikalia, na mwenye shamba akanikazia macho mpaka nikaondoka.

Habari ya kifo chako ililetwa na wabeba mawese wanaotoka Walikale. Mama mmoja mwenye kidumu mgongoni aliuliza sokoni ni nani anaitwa Riziki, yule mwenye mikono ya rangi. Nikanyoosha mikono. Akasema, "Mama Feza alifika Kibua na homa. Alilala siku kenda. Tulimuzika." Badala ya kulia nikamuuliza neno la kijinga, kwamba mlimzika na nguo gani. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akajibu, "Shuka nyeupe." Nyeupe, Mama! Wewe ambaye kitambaa cheupe hakikulala kwako siku mbili.

Sijui kama ulijua kwamba nilikuja kwako kwa udaku. Watu walikuwa wakisema kuna mama amekimbia vita kutoka Kibua, na badala ya kubeba masufuria amebeba makopo ya rangi na beseni. Nilikuja kuona kichaa. Nikakukuta umekaa mlangoni unafumua uzi wa kushonea mifuko ya unga, unauzungusha kwenye kidole, na ukaniambia bila kuinua kichwa, "Kama umekuya kuangalia, shika hapa." Nikashika. Nilishika mwaka mzima na miezi.

Rangi ulijifunza ujanani Goma, lakini barafu ulifundishwa na Kashuga. Kwenu msituni mawe ya mvua hayaanguki mara nyingi. Siku ya kwanza mvua ya mawe ilipokukuta huku, kitambaa cha amerikani kilikuwa uani, kimelowa, na upepo ukapindua kopo la unga mweusi wa rangi juu yake. Majirani walikuwa wakililia mboga zao. Wewe ulikuwa umeinama juu ya kitambaa unaita, "Riziki, kuya uone! Nyeusi iko na batu ndani yake!"

Na kweli walikuwamo. Mimi maisha yangu yote nilidhani nyeusi ni nyeusi, basi. Kumbe ule unga ni rangi nyingi zimechanganywa, bluu, nyekundu, na njano kidogo, na ukiutia kwenye maji ya kawaida zinaingia zote pamoja kitambaa kinakuwa cheusi tu. Lakini punje za barafu zinayeyuka polepole, na kila rangi inatoka kwa wakati wake, kama watu wanaotoka kanisani. Bluu inakwenda mbali. Nyekundu inabaki karibu na mlango inasalimiana. Ulikaa unatazama doa lile mpaka ugali ukaungua, na tukala ulioungua.

Tangu hapo hatukuwa na jambo lingine. Unakumbuka barafu ya Sake? Ulimwomba mwuza samaki akufungie kipande kwenye gunia na pumba za mbao, kikapakiwa kwenye pikipiki, na kabla ya Kitshanga kilikuwa maji. Dereva alifika na gunia lililolowa na mgongo uliolowa, anatukana. Wewe ukamshukuru ukalikamua lile gunia usipoteze kitu. Unakumbuka uzi wa rangi ya maziwa nilionunua sokoni, ule wa kufumia sweta za watoto? Nilikuwa na haraka, nikautia kwenye maji ya majivu, nikaupanga, nikaujazia mawe na unga wa bluu, na asubuhi ukaoshwa ukatoka mweupe vilevile, unacheka. Ukachukua kipande ukakichoma kwa kiberiti, kikayeyuka kama mfuko wa plastiki. "Hii haina damu," ulisema. "Rangi itashika wapi?" Kuanzia siku ile ulinipa jina la Mama Mbio, na kila nilipofunua majani ya migomba tuliyofunikia barafu, kabla ya wakati, kuchungulia, ulinipiga kwenye vidole na mwiko.

Majivu ya maganda ya ndizi yalikuwa wazo langu lakini. Hilo usiniibie hata huko uliko. Magadi ya kushikisha rangi yalipokosekana ni mimi niliyekumbuka bibi yangu alivyokuwa akichuja maji ya majivu, tukalowesha humo kitambaa na uzi wa mifuko, na rangi ikashika ikakataa kutoka hata kwa sabuni. Ulinisifu mara moja tu. Ulisema, "Iko muzuri," ukageuka.

Lakini ulichokitaka wewe hasa tulikuwa hatujakipata. Ulitaka kitambaa kimoja, kirefu, chenye rangi inayoshuka. Juu nyeusi kabisa, halafu zambarau, halafu bluu, halafu ile bluu iliyochoka, mpaka nyeupe, pasiwe na mstari hata mmoja ambao mtu ataweka kidole aseme hapa ndipo ilipobadilika. Ulisema ni njia ya kwenu. Mtu akitoka kwenye malisho yetu ya huku juu, kwenye mwanga, akishuka kuelekea Kibua, hajui ni hatua gani msitu ulipoanza. Anashtukia tu yuko ndani. Tulijaribu mara kumi na zaidi. Tulikunja kitambaa, tukakilaza kwenye ubao uliowekewa jiwe upande mmoja, unga tukauweka juu peke yake ili maji ya barafu yaushushe yenyewe. Kila mara mstari ulitokea. Mara mawe yalikuwa makubwa, mara yaliyeyuka upesi, mara Mama Mbio alichungulia.

Sasa nifike pale.

Ulikuwa unajua kunusa mawe. Si uchawi, mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako ninaona unavyofanya. Upepo ulipogeuka baridi ghafla, wingu likawa na rangi ya kijani tumboni, na ng'ombe wa kwenye malisho wakageuza migongo upande mmoja, ulikuwa unasimama, unavuta pumzi, unasema, "Leo iko mawe." Na mara nyingi yalianguka. Siku ambazo hayakuanguka tulicheka, lakini siku hizo hakuna aliyezihesabu.

Nilikuwa ninajivuna kwa ajili yako, Mama. Siku moja kwenye chemchemi wanawake walikuwa wakilalamika kwamba mbingu haisomeki tena, mtu hajui apande lini. Mama Jolie, yule jirani yetu wa chini, alilalamika kuliko wote. Mimi nikatua kidumu changu nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Muulize Mama Feza. Yeye akitaka mawe, yanaanguka." Wakacheka. Nikacheka. Nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo kama mtu aliyesema neno la maana.

Haikupita wiki mbili, ikaja ile mvua. Maharagwe yalikuwa kwenye maua. Unajua sisi watu wa vilimani, mawe yakianza, mwenye nyumba hutupa jembe uani, makali juu, ili mvua ikatike. Kila ua lilikuwa na jembe. Mlango kwa mlango watu wamesimama wanatazama chakula cha watoto wao kinapondwa. Na katikati ya hayo ni wewe na mimi, tumejifunika vikapu kichwani, tunakimbia na mabeseni, tunakusanya. Tulikuwa tunacheka, Mama. Uliteleza ukakaa chini kwenye matope, ukainua beseni juu lisimwagike, na sijawahi kucheka namna ile. Hicho ndicho walichokiona kutoka milangoni.

Mawe yale hatukuyatumia. Kabla hayajayeyuka walikuwa wamekuita kwa prezida, mkuu wa kambi. Papa yangu alikaa mbele kwa sababu shamba lake ndilo lililoumia kupita yote. Mama Jolie akasimama. "Huyu mama njo anaita mawe. Tumemuona na mabasini yake. Batoto betu batakula rangi?" Mwingine akasema watu wa msituni wana mambo yao. Kisha Mama Jolie akanigeukia, akasema, "Hata Riziki alisema. Kule kwa maji. Akitaka, yanaanguka."

Papa akaniuliza mbele ya wote, "Riziki, ulisema vile?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo yote mdomoni, kuhusu upepo, na tumbo la wingu, na ng'ombe, na kwamba ulikuwa mzaha wa chemchemi wa mjinga anayejivunia mwalimu wake. Niliangalia mikono yangu, ilikuwa bluu mpaka kwenye kiwiko. Nikaogopa ile mikono. Nikasema, "Mi sikumbuke."

Husemi ndiyo, husemi hapana. Unamwacha mtu peke yake katikati ya watu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini mdomo wangu uliponza kichwa chako, changu kikalala salama.

Wewe hukunitazama vibaya. Laiti ungenitazama vibaya. Uliwaambia, "Mawe ni ya Mungu. Mi naokota tu." Wakakupa mpaka asubuhi uwe umeondoka.

Nilipofungua mlango kulipokucha ulikuwa umeshaondoka, beseni kichwani, peke yako, kwenye njia ambayo hata wanaume wanasubiriana waipite kwa kundi. Mlangoni uliacha kopo la maziwa. Ndani kijiko kimoja cha nyeusi. Chini yake amerikani iliyokunjwa, imeshaloweshwa majivu na kukaushwa. Hakuna neno. Niseme ukweli, nilikukasirikia. Nilisema, anataka nini huyu, anataka nifanye nini na hiki? Nililificha kopo na kitambaa chake chini ya kitanda nikawa ninafagia mbali nalo. Na wewe wakati huo ulikuwa unatembea na homa.

Tangu yule mama wa mawese aniambie ulizikwa, mawe yameanguka mara tatu hapa. Mara tatu nilikaa ndani nikasikiliza bati linavyopigwa, nimebana mikono katikati ya magoti. Nilijiambia unga ni kijiko kimoja tu, nikiharibu basi. Uongo. Niliogopa milango.

Mara ya nne ilikuwa wiki tatu zilizopita, mchana. Nilikuwa ninapalilia na Papa. Upepo ukageuka. Nikainua kichwa, nikaona tumbo la wingu, nikaona ng'ombe. Nikavuta pumzi, Mama, nikaisikia. Ni kama harufu ya chuma kilicholowa. Hukuwahi kuniambia kwamba inaingia mpaka kwenye meno.

Tulikimbia nyumbani. Papa akatupa jembe uani, makali juu. Mimi nikaingia chini ya kitanda nikatoka na kopo na kitambaa, nikabeba beseni, nikatoka nje. Papa akaita, "Riziki, ingia! Batu batakuona!" Nikajibu, "Wacha banione." Sikuwa na ujasiri wowote, usinisifu. Mawe yalinipiga kichwani na mgongoni kama changarawe za kurushwa, na maharagwe yetu wenyewe yalikuwa yanalala mbele ya macho yangu. Niliweka beseni pembeni ya jembe la Papa. Likajaa.

Nilichagua punje ndogo, za kama mtama, nikaacha kubwa. Ubao, jiwe upande mmoja. Kitambaa nilikilowesha nikakikunja mikunjo ya vidole viwili. Barafu nikaishindilia, nene juu na nyembamba kushuka. Kijiko kile cha unga nikakinyunyiza kwa ncha za vidole, upande wa juu tu, nikakung'uta kopo mpaka likalia. Halafu majani ya migomba, na juu yake magunia ili isiyeyuke kwa pupa. Nikakaa. Mama Mbio amekaa, Mama! Sikufunua hata pembe. Mwiko wako haukuwepo lakini vidole viliukumbuka.

Nilipofunua ilikuwa kesho yake. Nikaosha, maji yakatoka ya zambarau, halafu ya bluu, halafu safi. Nikakunjua. Nilitafuta mstari kwa macho, nikautafuta kwa kidole. Hakuna. Msitu uko juu na malisho yako chini, na kwenye mpaka wa nyeusi kuna wekundu kidogo ambao hatukuwahi kuupata, unaonekana ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga. Nilikaa nacho mapajani nikakuita kwa jina. Nilikuita kwa sauti kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa, maana siku zote zile nilikuwa ninajua kwa kuambiwa tu.

Papa alikuwa mlangoni. Nikamwambia pale pale, "Papa, ni mimi nilisema. Ilikuwa muchezo. Mama Feza hakuita kitu." Papa akatazama nje kwanza. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyamaza. Batu batasikia." Basi alijua. Pengine alijua tangu siku ile, na shamba lilikuwa linamuuma, na ilikuwa rahisi kuwa na mtu wa kumlaumu aliye wa mbali. Sikumchukia. Mimi ni nani nimchukie mtu kwa kunyamaza?

Jumapili, baada ya matangazo ya kwaya na ya shamba la kanisa, nilisimama. Nilikuwa nimejifunga kitambaa chako mabegani. Nilisema yote, chemchemi, mzaha, upepo, ng'ombe, na ule "sikumbuke". Nilisema Mama Feza amekufa Kibua kwa sababu ya mdomo wangu uliosema siku ya kunyamaza na kunyamaza siku ya kusema. Nilitegemea kelele. Mchungaji alikohoa, akaanzisha wimbo. Tulipotoka nje Mama Jolie alinisubiri kwenye ngazi, akashika pindo la kitambaa kwa vidole viwili, akakiachia haraka. Akasema, "Kumbe alikufundisha. Sasa njo weye unaita mawe."

Hayo ndiyo yaliyofuata, Mama. Kule chemchemi wananipisha nichote wa kwanza, na si kwa heshima. Mtoto wa Mama Jolie alikuwa akija kucheza na nyuzi zangu, sasa anavutwa mkono nikipita. Maharagwe ya watu yameumia tena na wanayahesabu kwenye mikono yangu. Nilitaka kukuondolea lile jina la mwita mawe, nalo limehamia kwangu kama vile rangi inavyohama. Ndiyo maana kitambaa kiko nyuma ya mlango.

Na jana Papa, ambaye amenizaa, alisimama uani akatazama wingu, kisha akanigeukia taratibu. "Riziki," akasema, "leo iko mawe?" Aliuliza kama anavyouliza mtu anayeomba. Niliona mkono wake umeshika jembe. Nikamjibu, "Sijui, Papa. Mi naokota tu." Akainamisha kichwa. Mawe hayakuanguka jana, na hilo pia hakuna aliyelihesabu.

Naumia, sitakuficha. Kuna asubuhi ninatamani nisingesimama. Lakini ninapoogopa ninapitisha kidole kwenye kitambaa kutoka juu mpaka chini, na sasa ninajua ulivyotembea ile njia, na watu wamekugeuzia migongo nyuma yako.

Barabara ya kwenu imefungwa tena, kuna wenye bunduki. Ikifunguliwa nitakuja, na wabeba mawese au peke yangu. Nitakuja na kitambaa hiki mabegani, upande mweupe ukiwa mbele, nishuke nacho mpaka Kibua, nikitandike juu yako, na ile shuka yao niifunike. Nimekiwekea pindo la uzi wa mifuko ya unga. Nao nimeutia rangi, ni ile bluu iliyochoka.

Mpaka siku hiyo, lala, mwalimu wangu. Umechoka, basi ulale, usiwahukumu watu wa hapa, niachie mimi nikae nao. Ahadi yangu ni moja na ni ndogo. Kila mawe yatakapoanguka Kashuga nitatoka nje mchana mbele ya milango yote, nami nitaokota. Leo wingu liko kijani tumboni. Papa ameshatupa jembe, na mimi beseni nimelitoa tayari, liko uani pembeni yake.

Mwanafunzi wako aliyenyamaza,
Riziki